Makongoro ya Siri kwenye Nyumba ya Vyumba Saba

Nyumba ninayopanga Tandika ina vyumba saba na mita moja ya Luku. Aliyewahi kuishi nyumba ya namna hiyo ameshanielewa. Pembeni ya mita baba mwenye nyumba kabandika karatasi: jiko la umeme marufuku, hita marufuku, pasi Jumamosi na Jumapili tu, atakayekamatwa atanunua Luku ya mwezi mzima peke yake. Umeme tunanunua kwa zamu. Buku tano inatoa uniti 14, lakini wa kwanza kununua mwezi ukianza ndiye anayekatwa kodi ya jengo humohumo kwenye Luku. Ndiyo maana kila tarehe mosi nyumba yetu inalala giza, watu na hela zao mfukoni.

Sasa, shangazi yangu anayeishi Leicester, Uingereza, akatuma pipa. Ndani yake, chini ya masweta ambayo Dar es Salaam sijui nitayavaa mwezi gani, kulikuwa na vitu viwili. Cha kwanza alikiita sloo kuka: chungu kizito cheusi cha kauri, kimekaa ndani ya bati lenye waya wa moto ubavuni, mfuniko wa kioo, kitufe kimoja cha kuzungusha. Cha pili ni mashine ya mvuke, vikapu vitatu vya plastiki vimepandana, chini tangi la maji, mbele saa ya kuzungusha kwa mkono. Plagi zao ni zilezile zetu za pini tatu nene. Hata adapta sikuhitaji.

Shangazi hatumi ujumbe wa maandishi, anatuma sauti, na sauti moja ya shangazi inamaliza bando la siku. Akanieleza kwamba chungu kile unakipakia usiku, unalala, asubuhi unakuta chakula. Nisitie maji mengi, kwa sababu mvuke unagonga kioo unarudi, maji hayapungui. Nisifunue funue, maana kila nikifunua joto linatoka na linachukua muda kurudi. Halafu akapandisha sauti: "Na maharage mekundu, mwanangu, usije ukayatia humo mabichi! Yana sumu, na moto wa polepole hauiwezi. Yaloweke usiku kucha, umwage yale maji, uyachemshe kwenye jiko la kweli dakika 10 yakitokota haswa, ndipo uyahamishie humo. Umenisikia?"

Nilimsikia. Ila mtungi wangu wa gesi wa kilo sita ulikuwa mtupu, na jiko la kweli lenyewe ndilo hilo. Maharage yakafutwa. Nikabaki na makongoro.

Hesabu nilishapiga. Chungu kinakula wati 200. Kuanzia saa tatu usiku mpaka saa kumi na moja alfajiri ni uniti 1.6, shilingi 570 hivi. Muuza supu wa pale kituoni, kwa pesa hiyo, atakuonyesha kwato kwa mbali. Ukiniuliza mimi, karatasi ya mwenye nyumba iliandikwa kwa ajili ya wale wenye majiko ya wati 2,000. Mtu mwenye wati 200 hakuwaziwa kabisa siku ile.

Jumamosi jioni nikarudi na makongoro yaliyobabuliwa na kukatwa vipande, nikayakwangua kwa kisu mpaka yakawa meupe. Tangawizi ya kutwanga, kitunguu saumu, ndimu mbili, chumvi, pilipili mbuzi moja nzima nisiipasue. Chungu nikakiweka sakafuni nyuma ya kabati, mbali na pazia, nikawasha. Hakikutoa sauti. Hiyo ndiyo sifa yake kubwa: jiko la mchina linaunguruma, gesi inavuma, hiki kimya kabisa. Nikalala mtu wa amani.

Nilichosahaulishwa na utaalamu wa shangazi ni dari. Nyumba yetu haina. Kuta zinaishia kwenye mbao, juu yake bati, katikati upenyo wa kupitisha mtoto. Fundi cherehani wa chumba cha tatu akipiga chafya, Mama Chapati wa chumba cha saba anamwambia pole.

Kwenye saa saba usiku harufu ikaamka. Ilianza na tangawizi, ikaja ndimu, halafu mafuta ya kwato yakaingia yenyewe, mazito, yakapanda mpaka kwenye bati na kugawanyika vyumba vyote saba kwa haki. Nikasikia kitanda cha jirani kinalia. Nikasikia mtu anameza mate, na usiombe kusikia mtu akimeza mate saa saba usiku. Mjukuu wa Mama Chapati akaamka: "Bibi, nataka nyama."

"Lala. Unaota."

"Siotiii. Inanukia."

Kimya kidogo. Kisha Mama Chapati mwenyewe: "Mh. Kweli."

Juu ya bati paka wakaanza kikao chao. Sauti ya fundi ikauliza, bila kumtaja mtu, "Jamani, nani anapika saa hizi?" Nikakoroma. Nilikoroma kwa bidii mpaka koo likaniuma.

Saa tisa Luku ikaisha. Feni zote zikasimama kwa pamoja, mita ikabaki inalia pii, pii, pii. Milango ikafunguliwa. Koridoni kila mtu kajifunga alichokishika, tochi za simu zinamulikana usoni. Zamu ilikuwa ya Mama Chapati, na alishaweka buku tano Jumatano.

"Uniti 14 zimekwenda wapi?" akauliza. "Mimi nauza chapati kwa mkaa. Sina hata redio."

Makongoro yalikuwa katikati ya safari; yakipoa pale, yanakuwa gundi. Nikafanya lililokuwa mbele yangu. "Msihangaike majirani, nanunua mimi." Nikanunua kwa simu, tokeni ikaja, nikaziingiza tarakimu zote 20 kwenye giza bila kukosea hata moja. Taa zikawaka. Hakuna aliyesema asante. Walinitazama tu, na niliwaelewa: mtu ambaye kwenye zamu yake hukumbushwa mpaka agongewe mlango, leo ananunua zamu ya mwenzake saa tisa usiku, tena anatabasamu. Dada wa saluni akaninusa fulana. Hakujificha. Alisogea, akavuta pumzi, akaenda kulala.

Kwa akili ya kawaida hapo ningeishia kwenye supu. Ila makongoro bila kitu cha kusindikizia ni adhabu, na ile mashine ya mvuke ilikuwa haijaonja umeme wa Tanzania. Alfajiri nikajaza tangi. Kikapu cha chini nikaweka magimbi kwa kuwa ni magumu, cha kati viazi vitamu, cha juu ndizi mzuzu kwenye maganda yake. Nikazungusha saa dakika 40.

Chungu hakisemi. Mashine ya mvuke inasema yote. Baada ya muda mfupi ikaanza kupumua, kwanza kwa aibu, kisha mvuke mweupe ukatoka ubavuni mwa kila kikapu, ukapanda wima, ukafika kwenye upenyo ule wa kupitisha mtoto na kuvukia chumba cha pili. Chumba cha pili anakaa Ustadhi. Ustadhi alikuwa ndiyo kwanza anaamka kwa sala ya alfajiri, akainua macho, akaona wingu linamshukia kutoka kwangu.

"Moto! Moto kwa kijana! Allahu akbar, moto!"

Sikupata hata nafasi ya kusema neno. Fundi cherehani, mtu mwembamba ambaye mchana hubebewa ndoo na wanawe, aliupiga mlango teke moja kitasa kikaruka mpaka kitandani. Nyuma yake ndoo ya maji, nyuma ya ndoo Mama Chapati. Baba mwenye nyumba akapiga kelele kutoka koridoni, "Msimwage maji kwenye umeme! Mtakufa wote!" na akashusha swichi kuu. Giza. Kwa bahati mbaya ndoo ilikuwa imeshaondoka. Haikufika kwenye umeme wala kwenye mashine. Ilinifikia mimi kifuani, iliyobaki ikalala kwenye godoro.

Tukasimama gizani, watu nane kwenye chumba cha futi kumi kwa kumi, wote tunahema. Na saa ya ile mashine ni ya kukaza kwa mkono, haitegemei umeme. Ikafika mwisho wake.

*Ting!*

"Nini hiyo?" akanong'ona Ustadhi.

"Ndizi," nikasema.

Kikao kikakaa barazani saa mbili asubuhi, baba mwenye nyumba mwenyekiti. Vielelezo viwili vikawekwa juu ya stuli, chungu bado kinapumua kwenye mfuniko. Nikasomewa karatasi ya pembeni ya mita neno kwa neno, kisha nikapewa nafasi ya kujieleza. Nikajieleza kwa wati. Nikapindua bati kuonyesha maandishi ya chini, 200. Hakuna aliyeamini. "Hata kwenye mzani wa nyama wanaandika kilo," akasema Mama Chapati.

"Na kitu hiki kagundua nani?" mwenyekiti akataka kujua.

Hilo nilikuwa nimelisoma. Nikamwambia ni Mmarekani mmoja, Irving Naxon, hati ya ugunduzi aliipata mwaka 1940. Wazo alilitoa kwa mama yake, aliyekulia Lithuania. Huko Wayahudi walikuwa wakijaza vyungu vya nyama na maharage siku ya Ijumaa kabla jua halijazama, wanavipeleka kwa muoka mikate, vinalala kwenye oveni yake inayopoa taratibu, kesho yake Sabato wanakula cha moto bila mtu kuwasha moto.

Mwenyekiti akatikisa kichwa polepole. "Kwa hiyo hata huko, walikuwa wanapikia moto wa mwenzao."

Baraza zima likaangua kicheko, na kesi yangu ikawa mbaya zaidi.

Nikaomba kipimo. Mita yetu ina kitaa chekundu kinachopepesa, na imeandikwa kwamba kila mapepeso 1,000 ni uniti moja. Basi tuzime kila kitu nyumbani, tuchomeke chungu peke yake, tuhesabu. Wakakubali. Kila mtu akaenda chumbani kwake akachomoa, tena wengine walikawia huko kuliko redio na chaji ya simu zinavyohitaji. Tukarudi, tukakizunguka kitaa.

Kila kitu kimezimwa. Kitaa kikapepesa. Tukangoja. Sekunde 12, kikapepesa tena. Sekunde 12, tena.

"Chungu chako hicho," akasema fundi.

"Chungu kiko kwenye stuli, kaka. Waya nimeushika mkononi."

Hapo ndipo upekuzi ulipoanza, na sikuuanzisha mimi. Kwa fundi wakakuta hita ya kuchemshia maji ndani ya ndoo. Kwa dada wa saluni, drayaa mbili. Kwa Ustadhi, birika la umeme la wati 1,800, la kupashia maji ya udhu, alisema, na hakuna aliyethubutu kumbishia. Kwa Mama Chapati asiye na hata redio kulikuwa na jiko la koili lililofunikwa kitenge na kuwekewa Biblia juu yake. Vyote vimechomolewa. Na kitaa kinaendelea: sekunde 12, paa.

Mjukuu ndiye aliyeuona waya. Ulitoka nyuma ya mita, ukapita chini ya mlango wa baba mwenye nyumba, ukatokea dirishani na kuingia kwenye banda la uani. Bandani, friji mbili za kulala, zimejaa barafu za juisi na ubuyu anazouza mkewe pale shuleni.

Hakuna aliyesema kitu. Mwenyekiti akakohoa. Akazichomoa mwenyewe, kitaa kikatulia. Nikachomeka chungu: sekunde 18 kutoka pepeso moja hadi jingine, watu wanahesabu kwa sauti. Tukachomeka birika la Ustadhi, kitaa kikawehuka, kila sekunde mbili.

Tuliporudi barazani stuli ilikuwa nyepesi. Wakati sisi tunapekua, Mama Chapati alikuwa ameona si vizuri kielelezo kipoe. Alishagawa. Ustadhi alikuwa na gimbi mkono huu na mfupa mkono huu, fundi aliyenivunjia mlango ananyonya uboho kwa sauti, na mimi mwenye mali nikapewa pilipili nzima na kijiko cha mchuzi, nikiambiwa niwahi kabla hakijaisha.

Karatasi ya pembeni ya mita ikabanduliwa mchana uleule. Mwenyekiti alitangaza akiwa anafuta mdomo: chungu kinaruhusiwa, na Jumamosi ijayo kila chumba kitachanga buku mbili ya makongoro.

"Ila hili la ngazi tatu," akasema akiielekezea mashine ya mvuke mfupa, "bado marufuku."

"Kwa nini, mzee? Si mmeona wati zake 800, birika linalishinda mara mbili."

"Wati sina shida nazo. Hili linapiga kengele."