Si kila kijito cha mlimani hufuata mvua
Makala moja niliyoisoma inaeleza kwamba vijito vya milimani hujaa mvua inaponyesha na kupungua inapokatika; maelezo hayo yanafaa kwa milima isiyo na theluji, lakini kwingineko mambo ni tofauti kabisa. Pale ambapo majira ya baridi huleta theluji, maji hukaa mlimani kwa miezi kadhaa kama akiba ghalani, na kijito hufurika zaidi mwishoni mwa majira ya kuchipua au mwanzoni mwa majira ya joto, hata kama hakuna wingu angani. Katika kipindi hicho kina hupanda na kushuka kila siku: jua huyeyusha theluji mchana, lakini maji huchukua saa kadhaa kuteremka, hivyo aliyevuka asubuhi bila shida huweza kuzuiwa na mkondo huohuo jioni (wapanda milima wanalijua hili kuliko wengi wetu). Theluji ikiisha, kijito hutegemea maji ya ardhini yanayochuruzika polepole. Mwandishi wa makala hiyo angepaswa pia kutaja ongezeko la joto duniani, kwa sababu theluji inayoyeyuka mapema huwahisha mafuriko na kupunguza maji yanayobaki miezi ya ukavu.