Kumbe flagi ya mwezi wa tatu

Jamani mie leo nimelala saa kumi alfajiri, sio harusi wala mechi, ni kompaila, ile programu inayogeuza kodi uliyoandika kuwa programu inayotembea. Kaprogramu kenyewe kadogo tu, ka hesabu za duka la shemeji, ofisini kwenye mashine ya dogo kanabildi fresh, nimefika nako nyumbani nikapiga make (amri ya kuibildi), eti cannot find -lsqlite3, yaani haioni sqlite, maktaba ya kutunzia data. Haipo?? Napiga ls (amri ya kuorodhesha mafaili), ipo. Nainstali upya, ipo. Nikafuta gcc, kompaila yenyewe, nikaidanlodi tena, bando la wiki likaenda na maji, bado haipo. Kama mlinzi wa getini anakutazama usoni kabisa halafu anampigia bosi eti hapa hamna mtu.

Na kumbe laini ya juu yake iliandika skipping incompatible, yaani kaiona, haiendani, akaipita makusudi, ila nani anasoma laini za juu, mie nasomaga ya mwisho tu kama risiti.

Ikabidi nichungulie .bashrc, faili la mipangilio ambalo terminali inalisoma ikifunguliwa. Nakuta export CFLAGS="-m32", flagi ya kuiambia kompaila itoe vitu vya biti 32. Mwezi wa tatu kuna mzee alikuwa na kompyuta ya zamani ya biti 32 nikambildia kitu chake, akalipa nusu (nusu nyingine namdai mpaka leo), mzee kaondoka flagi imebaki, na mie tangu hapo nilikuwa wa Python tu wala sikustuka. Sasa kompaila inatoa vitu vya biti 32 na sqlite yangu ni ya biti 64, vitashikana wapi.

Nikaifuta kwa hasira. Make. Era ileile! Kumbe terminali niliyofungua asubuhi bado imeibeba. Nafunga, nafungua nyingine, echo $CFLAGS tupu, nikashangilia kabisa, make... ileile!! Kumbe CMake, yule anayemwandalia make maelekezo, CFLAGS anaisoma siku ya kwanza tu, anaiandika kwenye CMakeCache.txt basi, baada ya hapo wewe futa unavyotaka, yeye anaangalia daftari lake kama mangi na deni la mkate. Make clean nayo daftari haigusi, inafagia vumbi tu.

Nikafuta folda nzima ya build, nikaanza upya. Sekunde 11 imemaliza. Kumi na moja!

Mama Junior kaamka, "Baba Junior, kwani nani alikuharibia hiyo mashine?"

Nikamwambia mafundi tu, mafundi wa siku hizi unawajua mwenyewe.