Robo tangi sio anasa

Kuna ubishi wa madereva ambao hauishi. Mmoja anasema taa ya mafuta ikiwaka bado unatembea sana tu, gari ndivyo ilivyotengenezwa, mwingine mshale ukigusa robo hatulii mpaka apite sheli. Na anayechekwa siku zote ni huyu wa pili, ataitwa muoga, au ataambiwa ana hela za kuchezea, eti kuongeza mafuta wakati bado yapo ni tabia ya wasiojua shida. Mimi naona huyu wa robo watu hawamwelewi, ila na yule wa taa ana hoja zake ambazo washauri wa magari wanazirukaga haraka mno, kwahiyo nianze nazo.

Anayeendesha taa inawaka mara nyingi sio mzembe. Wengi wanaishi kwa kipato cha siku, mafuta ya asubuhi yanatoka kwenye hela ya jana na mafuta ya mchana yanatoka kwa abiria wa asubuhi, sasa ukimwambia mtu wa namna hii ajaze tangi unamwambia mtaji wake wote aumwage kwenye gari halafu alale nao nje usiku akiwaza wezi wa mafuta. Mwingine gari wanashea na ndugu zake, akijaza yeye anatembelea mwingine, matokeo yake kila mtu anaweka ya kumfikisha anakoenda na kurudi, basi. Mwingine amesikia bei inashuka wiki ijayo. Hizo ni hesabu za watu wenye akili timamu.

Na hata kiufundi hawadanganyi. Kwenye gari nyingi taa huwaka zikiwa zimebaki kama asilimia 10 mpaka 15 za tangi, yaani tangi la lita 50 bado lina lita 5 mpaka 7 na nusu, na gari inayokula lita 8 kwa kilomita 100 hapo ina kilomita 60 na kitu mpaka 90 hivi. Halafu ile hofu maarufu, kwamba mafuta yakipungua pampu inaanza kuvuta uchafu wa chini, ni dhaifu kuliko inavyosemwa. Pampu inavuta chini kila siku, tangi likiwa limejaa inavuta chini, likiwa nusu inavuta chini, na mdomoni ina chujio. Kama una tangi la chuma la miaka mingi lenye kutu, sawa, hapo ukikausha mpaka tone la mwisho una sababu ya kuogopa, ila kwa gari nyingi hii hoja wa upande wangu waiache, inawafanya wapuuzwe hata pale wanaposema kweli.

Sasa kuna hoja moja ya upande wa pili ambayo mimi inanikera kwa sababu inasemwa kwa kujiamini sana: eti mafuta mengi ni mzigo, gari nyepesi inakula kidogo, kwahiyo kutembea na kidogo ni kubana matumizi. Tuifanyie hesabu taratibu. Lita moja ya petroli ina uzito wa kama gramu 740 au 750. Robo ya tangi la lita 50 ni lita 12 na nusu, kwahiyo tunazungumzia kilo 9 na kidogo, begi la mtoto wa shule siku ya vitabu vingi linakaribia hapo. Wizara ya Nishati ya Marekani kwenye ushauri wake kwa madereva inasema kubeba pauni 100 za ziada, ambazo ni kilo 45, kunaweza kuongeza ulaji wa mafuta kwa kama asilimia 1. Kilo 9 ni moja ya tano ya hapo, kwahiyo asilimia 0.2. Chukua gari yetu ya lita 8 kwa kilomita 100, itembee kilomita 600, imekula lita 48, na asilimia 0.2 ya lita 48 ni kama desilita moja. Nusu glasi ya maji! Ndo faida yote hiyo kwa kilomita 600. Na ukumbuke anayenunua kidogo kidogo anapita sheli mara nyingi zaidi, kila akichepuka kilomita moja kutoka njia yake ametumia mililita 80, akichepuka mara mbili tu ile nusu glasi imeshaisha na deni juu. Anayetaka kubana matumizi kweli aangalie upepo wa matairi, apunguze mwendo, ashushe vyuma alivyobeba kwenye buti bila sababu, huko ndo kuna mafuta ya kuokoa.

Na hapa ndo naona huyu wa robo anaeleweka vibaya kabisa. Watu wanadhani kuishi juu ya robo kunagharimu zaidi. Hakugharimu. Gari inayocheza kati ya sifuri na robo na gari inayocheza kati ya robo na nusu zinakula sawasawa (ukiacha ile nusu glasi), kila siku mnaweka kiasi kilekile kwa safari zilezile, tofauti ni zile lita 12 za chini ambazo unazinunua mara moja tu na baada ya hapo zinakaa, ni zako, siku ukiuza gari unaweza hata kuzitumia kwanza ndo uikabidhi. Nakubali kwamba hiyo mara moja ndo ngumu, kwa mtu wa kipato cha siku lita 12 kwa mkupuo ni nyingi. Lakini hakuna aliyesema ziwekwe kwa mkupuo, kila ukinunua za safari ongeza lita moja usiyoihesabu, baada ya wiki mbili sakafu yako imepanda na hujaumia.

Za nini sasa? Swali la haki hilo. Jibu la kawaida huwa ni pampu, na lina ukweli wake: gari nyingi za sasa za petroli pampu ni ya umeme, imekaa ndani ya tangi, inapozwa na kulainishwa na mafuta yenyewe yanayopita ndani yake. Nyingi zina kibakuli cha kuhifadhi mafuta kidogo pale pampu inapovuta, kwahiyo sio kwamba ukishuka chini ya robo leo kesho pampu imekufa, hapana, kinachoiua haraka ni kuzunguka kavu. Ila mtu akiishi kwenye taa miezi na miezi, kila kona kali na kila mlima mafuta yanakimbilia upande mmoja na pampu inameza hewa kidogo, anaipunguzia umri. Tena petroli ikikatikakatika injini inakosa moto, mafuta yasiyoungua yanaenda kuungulia kwenye masega ya eksozi (yale ya kusafisha moshi) na yanayapasha kupita kiasi, na masega bei yake inajulikana.

Wa dizeli ndo asithubutu kabisa. Dizeli ikiisha hewa inaingia kwenye mabomba, ukileta kidumu ukamimina haiwaki, mpaka upepo utolewe kwenye mfumo, na kwenye injini za kisasa pampu ya presha kubwa inalainishwa na dizeli hiyohiyo na inasukuma kwa presha inayoweza kufika bar 2,000, ikizunguka kavu inajisaga yenyewe, vile vichengachenga vya chuma vinaenda mpaka kwenye nozeli zinazopulizia dizeli ndani ya injini. Hapo umeokoa nini?

Lakini mimi kinachonitoa usingizi sio pampu, pampu inanunuliwa. Ni mahali. Gari ikiishiwa mafuta haikuchagulii pa kuzimia, haikupeleki pembeni kwenye kivuli. Inazima kwenye mlima kwa sababu mlimani ndo inakula zaidi na ndo mafuta yanakimbia pampu, inazima kwenye foleni katikati ya barabara, inazima usiku kwenye kona. Nilishakaa kwenye gari ya namna hiyo, kiti cha nyuma, giza, njia ya kupanda, dereva alikuwa anasema tangu mwanzo tutafika tutafika. Injini ilinyamaza tu. Usukani ukawa mzito ghafla maana ni wa haidroli, breki zikabaki na nguvu ya kukanyaga mara mbili tatu halafu zikawa kama jiwe, gari ikaanza kurudi nyuma na nyuma yetu kuna taa za lori zinakuja. Tulipona, ila tangu siku hiyo mtu akiniambia "bado kilomita 40" naisikia tofauti.

Maana hizo kilomita 40 ni makadirio. Kompyuta ya gari inachukua ulaji wako wa muda mfupi uliopita na kugawa mafuta yaliyobaki, haijui kwamba mbele kuna foleni ya saa mbili. Gari ndogo ikiwa imesimama injini inaunguruma inakula kama nusu lita mpaka lita nzima kwa saa, AC ikiwaka inapanda, kwahiyo foleni moja tu inaweza kula kilomita 20 za kwenye skrini bila wewe kusogea. Na ukishazima safari ya hatari ndo inaanza, mtu anashuka na kidumu anatembea kando ya barabara gizani, wengine wanasukuma gari huku magari yanapita kwa kasi.

Wenzetu wa ndege walishamaliza huu ubishi. Kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO) zinataka ndege ya jeti itue ikiwa bado na mafuta ya dakika 30, rubani akiona atatua chini ya hapo anatangaza dharura, hata kama injini zote zinafanya kazi vizuri. Novemba 2016 ndege iliyobeba timu ya mpira ya Chapecoense ya Brazili ilianguka karibu na Medellín, Kolombia, baada ya kuishiwa mafuta, walikufa watu 71, na safari ilikuwa imepangwa karibu kabisa na mwisho wa uwezo wa tangi, akiba ikahesabiwa kama mafuta ya kutumia.

Kosa la taa kwenye gari ni hilohilo, dereva anaihesabu akiba kwenye safari. Na kwa wenye gari za zamani, ambao geji imekufa au mshale unacheza gari ikiwa kwenye mteremko, hapa hata "robo" haina maana, boya la ndani ya tangi linaloendesha mshale limeshachoka. Hao nawashauri waiache geji, siku moja wajaze tangi mpaka juu, waandike kilomita, na kama gari ni kama ile yetu, tangi la lita 50 na lita 8 kwa kilomita 100, kwenye kilomita 400 waongeze bila kusubiri kuambiwa na mshale.