Sauti ya kulalia isiwe na jipya ndani yake

Wengi wakitafuta sauti ya kulalia hutafuta sauti tamu, na hapo ndipo wanapokosea. Utamu humfanya msikilizaji asubiri kinachofuata, na anayesubiri halali. Sauti inayofaa ni ile ambayo sikio likiionja kwa dakika mbili linajua hakuna jipya linalokuja, basi linaiachia. Mvua juu ya bati hulaza watu kwa sababu hiyo: haina habari yoyote ya kuleta. Sikio halifumbwi kama jicho. Hata usingizini ubongo unaendelea kusikiliza, ndiyo maana mtu hushtuka akiitwa jina lake huku kelele nyingine zikimpita. Kinachoamsha zaidi ni mabadiliko, ikiwemo sauti inayokatika ghafla.

Kabla ya kuchagua, amua unataka sauti ikufanyie kazi gani. Kama shida ni mawazo yanayozunguka kichwani, sauti inahitajika mpaka utakaposinzia tu. Kwa kawaida mtu huchukua dakika 10 hadi 20, kwa hiyo tega izimike baada ya dakika 30 au 45. Kama shida ni kelele za nje (baa, mbwa, jenereta, bodaboda ya saa tisa usiku), basi iende usiku kucha, kwani ukiizima saa tano mbwa wa saa tisa atakukuta huna kinga. Wengi hufanya kinyume: hadithi inacheza mpaka asubuhi, na feni inazimwa baada ya nusu saa.

Kwa kazi ya kuzuia kelele, kuna mivumo mitatu inayopatikana kirahisi. Kelele nyeupe ina nguvu sawa katika masafa yote ya sauti, kuanzia nzito hadi nyembamba, na sikio huisikia kama “shhh” ya redio iliyopoteza stesheni. Kelele ya waridi hupungua desibeli 3 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kila oktavu unayopanda, yaani kila masafa yanapoongezeka maradufu, ikafanana na mvua ya wastani. Ya kahawia hupungua desibeli 6, ikawa nzito kama maporomoko ya maji yaliyo mbali. Jina lake kwa Kiingereza, brown noise, halikutokana na rangi, limetokana na Robert Brown, mtaalamu wa mimea wa Uskoti. Kwa saa nyingi mfululizo ningechagua waridi au kahawia. Ile nyeupe ina ukali wa juu unaochosha.

Ila hapa kuna mtego. Spika ya simu ni ndogo mno, haiwezi kutoa sauti nzito. Ukicheza kelele ya kahawia kwenye simu, uzito wake wote unapotea, unabaki mchirizi mwembamba. Na kinachopenya ukuta kutoka baa ni besi hasa. Mtu huongeza sauti, ule wembamba unamkera, besi iko palepale. Tumia spika kubwa kidogo, au pangaboi, ambalo bado ni chombo kizuri kuliko programu nyingi za simu. Spika iweke upande kelele inakotokea, karibu na dirisha, isiwe kando ya mto.

Kiasi cha sauti kipange ukiwa umeshalala chali, taa zimezimwa. Sauti inayoonekana ndogo saa mbili usiku huwa kubwa mtaa ukishatulia. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 1999, lilipendekeza kelele ya mfululizo chumbani isizidi desibeli 30. Mvumo wa kuzuia kelele utapita hapo, lakini usiuache ufike 50. Kipimo cha bila kifaa ni hiki: uweze kuongea kwa sauti ya chini na uliye naye kitandani bila kurudia neno. Lengo si kuizamisha kelele ya nje. Inatosha kupunguza pengo kati ya ukimya na mbweko wa mbwa.

Rekodi za mvua zina kasoro mbili za kukagua mchana. Ya kwanza ni kiungo: faili la sekunde 30 linalojirudia huwa na mkato mdogo mwishoni, na sikio likishaukamata litakaa likiusubiri. Tafuta rekodi ya saa moja au zaidi. Ya pili ni radi na ndege. Sogeza rekodi mbele kila dakika tano uonje. Ukikuta ngurumo, achana nayo.

Kwa wenye mawazo, maneno husaidia kuliko mvumo, kwa kuwa huchukua nafasi ileile ambayo wasiwasi ungeikalia. Lakini chagua hadithi uliyokwisha kuisikia, yenye msomaji mmoja asiyebadilisha sauti kwa wahusika, na upunguze kasi kidogo. Taarifa ya habari haifai kabisa. Wanaopenda Qur’an watofautishe usomaji wa murattal, ulionyooka na wa mwendo mmoja, na mujawwad, wenye kupanda, kushuka na kuvuta pumzi ndefu. Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary wa Misri alirekodi kwa namna zote mbili, basi angalia jina la rekodi kabla ya kuipakua. Katika taarab, mashairi yatakukesha kwa mafumbo yake; bashraf, kwa kuwa ni ala tupu, hufaa zaidi. Muziki wowote uwe na mapigo 60 hadi 80 kwa dakika, na ngoma isiwe mbele.

Wapo wanaosifu rekodi zenye toni tofauti kwa kila sikio. Hizo hazifanyi kazi yake kwenye spika, zinataka spika za masikioni, na kulala nazo kunasukuma nta ndani na kuumiza ukilalia ubavu. Sioni kama zinastahili usumbufu huo.

Usitegemee video ya mtandaoni. Tangazo litaingia kwa sauti kubwa, bando litaisha, na video inayofuata haitakuwa uliyoichagua. Pakua faili la sauti tu: MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde hula takriban megabaiti 58 kwa saa. Kisha weka simu kwenye hali ya ndegeni. Kwenye iPhone, fungua Saa, nenda kwenye kipima muda, na badala ya mlio chagua kusimamisha kinachocheza. Spika ya bluetooth ichomeke kwenye umeme, maana nyingi hutangaza kwa sauti kwamba chaji inaisha, na tangazo hilo huja saa nane usiku. Simu inayochajiwa isikae chini ya mto, inapata joto.

Kwa mtoto mchanga masharti ni makali zaidi. Mashine 14 za kulaza watoto zilizopimwa katika utafiti wa mwaka 2014 uliochapishwa katika jarida la Pediatrics zote zilipita desibeli 50 kwa umbali wa sentimita 30 zikiwa zimefunguliwa mpaka mwisho, na tatu zilipita 85. Chombo kikae mita mbili au zaidi kutoka kitandani, kwa sauti ya chini kabisa, na kizimwe taratibu akishalala. Na wewe uliye chumba cha pili, hakikisha mvumo wako hauzibi kilio chake.