Peyote ya Texas inakatwa vibaya
Makala niliyosoma inadai eti peyote, dungusi kakati (kaktasi) mdogo anayelevya, inatoweka kusini mwa Texas kwa sababu sheria ya Marekani ya 1994 iliwaruhusu wenyeji wa asili kuitumia ibadani? Mwandishi angeuliza inavyokatwa. Dungusi kakati huyu akikatwa usawa wa ardhi, pale kijani kinapokutana na mzizi wa kahawia, kidonda hukauka na vichwa vipya huchipuka pembeni. Kisu kikizama zaidi, mzizi uliobaki hauna vijicho vya kuchipusha, unaoza. Ukirudia kuvuna mapema, vichwa hutoka vidogo, na mvunaji hukata vingi zaidi kujaza gunia. Na trekta linalong'oa vichaka kupanda majani ya ng'ombe (makala imelipita kimya!) halibakizi hata mzizi. Mbona wenye ranchi hawatajwi?