Mtunga Sera Aitwe Kabla ya Hesabu

Wapo wataalamu wanaosema kwamba mtunga sera akishirikishwa mapema katika kujenga modeli za kompyuta zinazokadiria mwenendo wa magonjwa, atazipindisha zitoe jibu analolitaka, na kwamba ni salama zaidi kumkabidhi matokeo yakiwa yamekamilika. Hofu hiyo ina msingi, kwa kuwa bajeti na kura vina nguvu yake, lakini haigusi mahali makosa makubwa yanapoingilia, yaani kwenye makisio ya mwanzo, yale mambo ambayo modeli huyachukulia kuwa kweli kabla ya kuhesabu.

Chukua mashamba ya mpunga ya Lower Moshi, mkoani Kilimanjaro, Tanzania. Utafiti uliochapishwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulikuta kijiji cha mpunga kikiwa na mbu aina ya Anopheles arabiensis mara nne ya kijiji cha nyikani kisicho na umwagiliaji, na bado hatari ya kuambukizwa malaria ilikuwa ndogo zaidi kwenye mpunga. Mbu wa huko walielekea zaidi kwa ng'ombe kuliko kwa watu, na hawakuishi muda mrefu, ilhali kimelea huhitaji siku kumi hivi kukomaa ndani ya mbu. Modeli inayohesabu mbu na kusahau ng'ombe ingeelekeza fedha za halmashauri kwenye kijiji kisicho na uhitaji mkubwa zaidi, na hakuna ambaye angeligundua kosa hilo kwa kutazama grafu iliyokamilika. Habari za ng'ombe wanalala wapi anazo afisa mifugo.

Katika kikao kimoja cha kujenga modeli mjini Moshi nilimsikia mratibu wa malaria akiuliza, "Samahani Daktari, hapo mmeweka vyandarua tulivyogawa au vinavyolaliwa?" Vilikuwa vilivyogawiwa. Mtaalamu alipobadilisha namba ile moja, mstari wa idadi ya wagonjwa kwenye grafu ulipanda palepale ukutani, nasi tukaacha kunywa chai.

Upande wa pili una hoja nyingine nzito zaidi: uhamisho. Mganga mkuu anaweza kushiriki mwaka mzima, kisha barua ikamhamishia mkoa mwingine, na anayempokea akaikuta modeli asiyoielewa. Ndiyo maana napendekeza kila kisio, pamoja na mabishano yaliyolizaa, liandikwe kwenye faili linalobaki ofisini na kuwekewa tarehe kabla hesabu hazijaanza. Faili hilohilo litamwelekeza mgeni, na litaonyesha kama kuna mtu aliyerudi kubadilisha namba baada ya kuliona jibu.