Daftari la Mtoto wa Miaka Mitatu ni la Nani?

Ningeambiwa nichague kitu kimoja cha kuondoa kwenye chekechea na dei kea za Dar es Salaam, ningeondoa madaftari ya bebi klasi. Yote. Yale ya mistari mipana, yale ya miraba ya hesabu, na hasa lile la kazi za nyumbani ambalo mtoto wa miaka mitatu hurudi nalo ili dada wa kazi amfanyie. Kazi hii ya kulea na kufundisha watoto wadogo naifanya na naipenda, na sijaona kinachoiharibu kama madaftari hayo.

Najua yametoka wapi. Mzazi analipa ada kwa awamu, anamwacha mtoto alfajiri, anarudi jioni amechoshwa na foleni, na kilichotokea katikati hakijui. Daftari ndiyo risiti yake. Akikuta mstari mzima wa a na tiki nyekundu pembeni, moyo unatulia. Akikuta ukurasa mweupe, usiku huo huo grupu la wazazi linawaka: "Mwalimu samahani, hivi hawa watoto wanasoma au wanacheza tu?" Na mwenye shule naye yumo kwenye grupu.

Sasa tuuangalie huo mkono unaotakiwa kuandika. Kifundo cha mkono cha mtu mzima kina mifupa midogo minane. Mtoto mchanga hana hata mmoja ulio mgumu. Yote ni gegedu, na huanza kuwa mfupa mmoja mmoja, kwa miaka. Akifika miaka mitatu, kwa kawaida ni kama mitatu tu iliyoanza. Wa mwisho husubiri mpaka mtoto yuko shule ya msingi. Mpe penseli umtazame: anaikamata kwa ngumi na kuiendesha kwa bega. Bega linapanda, ulimi unatoka nje, karatasi inatoboka. Ile a nzuri unayoisifia nyumbani, mama, mwalimu ameiandika akiwa ameushika mkono wa mtoto, au mtoto amefuatisha vidoti ambavyo mwalimu alivichora saa saba mchana watoto wakiwa wamelala.

Hapo kwenye saa saba ndipo panaponiuma zaidi. Watoto kulala si mapumziko ya mlezi. Ndio muda wa kupita godoro kwa godoro, kumgeuza aliyelalia uso, kumgusa paji la uso yule aliyekataa uji saa nne, kubadilisha pampasi, kumbembeleza anayeshtuka usingizini. Mwalimu mwenye madaftari thelathini ya kuchora vidoti hafanyi hayo. Ameinama.

Kazi yenyewe, ile isiyoacha karatasi, nitaieleza kwa mtoto mmoja. Aliletwa kwetu akihesabu mpaka ishirini kwa Kiingereza bila kukosea, na mama yake alikuwa anajivunia sana. Nikamwambia aniletee visoda vitano kutoka kwenye beseni. Akaniletea konzi nzima. Tukakaa chini tuvihesabu: mdomo ukakimbia, kidole kikabaki nyuma, kisoda kimoja kikahesabiwa mara mbili na vingine vikarukwa. Alikuwa na wimbo wa namba tu, namba zenyewe bado. Basi nikampa kazi ya kugawa vikombe vya uji: kikombe kimoja, mtoto mmoja. Mwanzoni wengine walipata viwili na wengine hawakupata kabisa, na makelele ya waliokosa ndiyo yaliyomsahihisha, si mimi. Ikafika siku akasimama mlangoni, akatazama waliokaa, akaenda jikoni akaomba vikombe sita. Walikuwa sita. Hakuna daftari linaloonyesha hilo, na kwangu hilo ndilo somo kubwa la hesabu alilopata mwaka ule.

Au chukua kung'atana. Wazazi hukasirika, na wana haki, kwani alama za meno kwenye shavu la mwanao si jambo dogo. Lakini mtoto wa miaka miwili hung'ata kwa kuwa amenyang'anywa kigari na maneno hayaji haraka kama hasira. Kumzoesha anyooshe kiganja na kusema "sitaki, nacheza nacho mimi" huchukua wiki nyingi. Tena inabidi mwalimu awe pale pale, amechuchumaa, kabla meno hayajafika. Ukiwa mezani unasahihisha, utafika wakati wa kilio.

Wala si serikali iliyotutuma huku. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 iliifanya elimu ya awali kuwa ya lazima, lakini haikusema mtoto wa miaka mitatu ajaze ukurasa. Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, ya 2021/22 hadi 2025/26, inataja mambo matano: afya bora, lishe toshelevu, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, ulinzi na usalama. Mwandiko haumo. Hata Maria Montessori, daktari na mwalimu wa Kiitaliano aliyefungua nyumba yake ya watoto mjini Roma mwaka 1907, aliwapa watoto herufi za msasa wazipapase kwa vidole kwanza. Walimu waliosomea njia hiyo tunao hapa nchini, na msasa unauzwa duka lolote la vifaa vya ujenzi.

Mzizi wa yote, kwa maoni yangu, ni usaili wa darasa la kwanza kwenye shule za mchepuo wa Kiingereza. Mtoto wa miaka mitano au sita anawekewa karatasi aandike jina na namba peke yake kwenye chumba asichokijua. Mzazi akishasikia hivyo, hofu inashuka ngazi kwa ngazi mpaka kwa mtoto ambaye juzi tu ameacha kunyonya. Na kwa kuwa huku chini panaonekana ni pa kucheza na watoto tu, mara nyingi ndipo anapowekwa mwalimu mgeni kuliko wote, na mshahara wake ndio mdogo kuliko wote. Halafu tunashangaa anaondoka katikati ya muhula, na watoto waliokwisha kumzoea wanaanza kulia upya getini.

Wenzangu wa shule za serikali wataniambia naongea kwa sababu darasa langu ni dogo. Ni kweli. Uwiano uliowekwa kwa darasa la awali ni mwalimu mmoja kwa watoto 25, na wapo wanaofundisha mia na zaidi chini ya paa moja. Siwapangii. Ila visoda, mchanga na mabua havihitaji bajeti, na kwa darasa la watoto mia naona hata kusahihisha madaftari mia hakuwezekani.

Swali ninaloulizwa zaidi ni hili: sasa wataandika lini? Wataandika mkono ukiwa tayari, na darasa la kwanza na la pili yapo kwa ajili hiyo hiyo, KKK, kusoma, kuandika na kuhesabu. Mtoto aliyekwisha kukanda, kukata kwa mkasi, kuchambua maharage, kufunga vifungo vyake na kufungua mwenyewe kifuniko cha chupa yake ya maji hahitaji kushikwa mkono kuandika a. Anahitaji kuonyeshwa inapoanzia.

Kwa hiyo kwenye orodha ya vifaa vya mwakani nimependekeza bebi klasi wasinunue daftari hata moja. Kila mzazi alete beseni dogo, mkasi wa ncha butu na kilo moja ya unga wa ngano kwa ajili ya madonge ya kufinyanga. Mwenye shule anasema atalifikiria. Orodha yenyewe imeshavuja kwenye grupu, na mama mmoja keshauliza huo unga ni wa kupikia nani chapati.